Mti wa Damiano na Mkono wa Lusungu

Mgeni rasmi, Bwana Mganga wa Serikali, Mwene, chifu wetu, Mwalimu wetu, wazee wa baraza, na ninyi ndugu zetu mliosimama kule ng'ambo ya kizuizi, ambao tunajua mnatusikia maana upepo unaelekea kwenu:

MAKARIBISHO

Sisi akina mama wa Darasa la Jioni la hapa Tunduma tunakukaribisha kwa magoti na kwa makofi, kama tunavyowakaribisha baba zetu. Tumefurahi kwamba umekuja mwenyewe, hukutuma mtu. Umekalia kiti cha Mwalimu. Mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo tunakuomba usiegemee sana upande wa kushoto.

Huenda unajiuliza kwa nini tumekuweka hapa barabarani badala ya darasani. Wazee walitushauri tuseme kwamba hapa kuna upepo mzuri. Upepo kweli upo. Lakini sababu yenyewe ni kwamba tulitaka, ukiinua macho, uwaone watu wawili: yule bibi aliyejitwika kikapu, na yule mtoto aliyeshika upindo wa nguo yake. Mtoto ni Lusungu. Mama yake ni Roda, mwanafunzi mwenzetu, huyu hapa mstari wa pili. Kati yao umelala mti wa kizuizi, na mti huo ni wako.

Tulitaka Roda aisome risala hii, kwa kuwa ndiye anayesoma vizuri kutuzidi sote. Amekataa. Amesema leo macho yake yana kazi nyingine.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, habari za ndui zilipofika huku, sisi tuliiogopa chanjo kuliko ndui yenyewe. Ndui tuliifahamu, bibi zetu wana mashimo yake usoni. Chanjo tulikuwa hatujawahi kuiona. Ikasemwa sokoni kwamba dawa yake hutolewa kwa ndama, kwa hiyo mtoto akichanjwa atalia kama ndama. Ikasemwa tena kwamba alama ile ni ya kuwahesabia watoto, wakikua wachukuliwe manamba kwenye mkonge. Mzee Mbonile, ambaye yupo hapa na sasa anatazama pembeni, alituapia kwamba huko Burma vitani aliwaona kwa macho yake watu waliochanjwa wakila majani.

"Majani gani, baba?" tukamuuliza.

"Mchicha," akasema.

Hata hivyo tuliogopa. Siku ya mchanjaji tuliondoka kabla jua halijapanda, kila mmoja na jembe begani kana kwamba anakwenda palizi, tukashika njia ya kijitoni ili tuvukie Rodesia.

Roda alikuwamo. Mgongoni hakuwa na mtoto. Lusungu alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na kwa desturi yetu mtoto wa kwanza akiachishwa huenda kwa mama mzaa mama, akae huko mpaka alisahau ziwa. Mama hamfuati. Bibi ndiye humrudisha, kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na kikapu cha ulezi. Bibi yake Lusungu yuko ng'ambo, kwa sababu sisi na watu wa kule tulikuwa tunaoana tangu zamani, na waliochora mpaka hawakutuuliza nani mkwe wa nani.

Basi, tumefika kijitoni, tukaona kundi la wanawake wa ng'ambo wakishuka kuja huku, majembe begani.

"Mnakwenda wapi?" tukawauliza.

"Palizi," wakajibu. "Na ninyi?"

"Palizi."

"Palizi ipi? Mashamba yenu si mmeyaacha nyuma?"

"Na ya kwenu mmeyabeba?"

Tukacheka hadi tukashikana mabega. Kicheko hicho kilituponza, maana wachanjaji walikisikia. Wetu akatokea nyuma yetu, wa kule akatokea nyuma yao. Kila kundi likamkimbia wa kwake, likaangukia mikononi mwa mchanjaji wa wenzao. Wa kule akatuchanja sisi, naye huchanja mkono wa kulia. Wetu akawachanja wao, naye huchanja mkono wa kushoto. Tunakuomba ulikumbuke hilo, Bwana Mganga. Tutalirudia.

Katika kukimbia kule, Roda alipishana na mama yake katikati ya maji, Lusungu akiwa mgongoni kwa bibi. Walikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa. Hakuunyoosha. Alijifunika uso kwa kaniki ili mtoto asimwone akalilia ziwa, akapita kama asiyemjua. Alipofika ukingo wa pili akasimama, akasikia mtoto wake anachanjwa huku alikotoka. Lusungu alilia. Alilia kama mtoto. Ndama hatukumsikia.

Mwenzetu Enesi hakukimbia. Yeye alimficha mwanawe ndani ya kihenge cha mahindi, na mchanjaji hakumwona. Mvua zilipokwisha, ndui ikafika yenyewe, pamoja na abiria aliyeshuka kwenye lori akaomba maji ya kunywa. Sisi tuliochanjwa tuliuguza, hatukuugua. Mtoto wa Enesi tulimzika. Enesi amekaa pale mbele, na ndiye aliyetuambia tuliseme hili leo, tusilifunike.

MAFANIKIO

Baada ya msiba, Enesi aliacha kulia akaanza kutembea. Aliingia nyumba hadi nyumba, akifunua vihenge. Mtoto aliyemkuta humo alimtoa na kumpeleka kwa mchanjaji akiwa amemshika mkono, na hakuna mama aliyethubutu kumwambia Enesi hapana. Kama leo hii Tunduma ina watoto wengi wenye alama, mgeni rasmi, usimshukuru mchanjaji peke yake.

Darasa letu nalo lilifanya kazi. Tangazo lako lilipopigiliwa mlangoni mwa duka, wanaume walisema hilo ni la kodi, wakaenda zao. Roda alilisoma neno kwa neno, kidole kikitangulia. Lilisema nguo za nyumba yenye mgonjwa zichemshwe. Tukachemsha. Mzee Mbonile hakuwa na mgonjwa, wala, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa na woga. Ila alileta koti lake la jeshi akasema nalo litumbukizwe, isije ikawa. Koti hilo sasa linavaliwa na mjukuu wake, na linambana kidogo kwapani.

Tangazo lilisema pia mtu asipite njia za porini. Hapo Roda alipanda juu ya jiwe sokoni, yeye ambaye kabla ya darasa hakuweza kuomba chumvi dukani bila kutazama chini. Akasema, "Mama zangu, ndui haina miguu. Inapandia ya kwetu. Tukae."

"Na mashemeji zetu ng'ambo je?" mmoja akauliza.

"Watangoja."

"Na mwanao je, Mama Lusungu?"

"Naye atangoja," akasema.

Tukakaa.

SHIDA ZETU

Mgeni rasmi, sasa tumefika kwenye mti.

Ulipoamuru barabara ifungwe, kazi ya kukata mti wa kizuizi alipewa Damiano, mumewe Roda, ambaye ni kibarua wa barabara. Damiano hafanyi kazi nusunusu. Alizunguka msituni mpaka akapata mti mnyoofu, mgumu, usioliwa na mchwa. Akauchonga, akaupaka chokaa, akaufunga jiwe upande mmoja ili uinuke na kushuka vizuri. Watu walikuja kuuangalia. Aliulaza jioni akiwa na furaha ya fundi.

Kesho yake asubuhi mama mkwe wake akatokea barabarani na kikapu cha ulezi kichwani, Lusungu amemshika mkono. Mtoto alikuwa amelisahau ziwa. Zamu ilikuwa ya askari Boazi.

"Bibi, simama hapo hapo."

"Namrudisha mtoto kwa mama yake."

"Barabara imefungwa. Ndui."

"Ndui gani? Huyu amechanjwa. Tazama mkono."

"Hiyo ni chanjo ya ng'ambo."

"Ni ya kwenu hii! Si mkono wa kushoto? Mchanjaji wenu ndiye wa kushoto!"

Boazi aliuangalia mkono wa Lusungu, akauangalia na wa kwake ulioshika bunduki. Akasema kwa upole, "Shikamoo, bibi. Amri haikutaja mkono. Imetaja mtu atokaye kule."

Hatumsemi Boazi vibaya. Shangazi yake yumo darasani mwetu, na anasema siku hiyo ugali ulimshinda Boazi. Lakini tunaomba utusaidie kufikiri. Alama ya Lusungu ni ya serikali hii. Alama ya mama yake, iko pale mkono wa kulia, ni ya serikali ile. Tukienda kwa alama, basi mtoto ni wa huku na mama ndiye wa kumfukuza, na Damiano ameoa bila kujua mgonjwa wa ng'ambo.

Watu walimshauri Roda. Mama mkwe wake, mamake Damiano, alimwita uani akamwambia, "Mwanangu, kijito kiko pale pale. Ng'ombe wa Mbonile wanavuka kila siku. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, mama," Roda akasema. "Na watajua wote niliowakataza sokoni."

Basi tangu hapo, kila siku ya soko anakuja hapa kwenye mti, na bibi anamleta mtoto upande wa pili. Wanatazamana. Mwanzoni Roda alipiga kelele za kumsalimu, akaacha, maana mtoto alidhani anagombezwa. Sasa anaonyesha vitu tu: gauni alilomshonea, kifaranga, ubao wenye jina LUSUNGU kwa herufi kubwa. Mtoto hucheka na kupunga mkono. Bibi anasema ameanza kumwita jina. Humwita Mama wa Kule.

Bwana Mganga, ndui imekwisha. Ulitutangazia mwenyewe. Kambi ya wagonjwa uliichoma kwa kiberiti chako, na pale ilipokuwa nyasi zimeota, mbuzi wanakula. Ila mti umebaki. Tukiuliza huku, tunaambiwa utainuliwa wenzetu wa ng'ambo wakiinua mti walioulaza kwao. Ndugu zetu wakiuliza kule, wanaambiwa wa kwao utainuliwa sisi tukianza. Miti miwili inatazamana kama wakwe walionuniana, kila mmoja anangoja mwenzake atangulie kusalimu.

Malori yanapita. Dereva anaonyesha karatasi, mti unapanda, anapunga mkono, anakwenda zake Mlowo kununua mahindi. Sisi hatuyachukii malori. Tunasema tu kwamba ndui ilikuja na lori, na Lusungu hana lori.

Na lililo zito zaidi ni hili. Waliopita porini wamekwisha kuwaona watoto wao, mama zao, hata wadai wao. Aliyekutii ndiye peke yake aliyebaki nje. Siku ugonjwa mwingine ukija, nawe ukapigilia tangazo lingine, Roda atapanda tena juu ya jiwe lile, tunamjua. Lakini wanaomsikiliza watamtazama mikono yake kwanza, waone kama imepata mtoto.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi: mafuta ya taa, mbao za kuandikia, dirisha la darasa, na mguu wa kiti hicho. Jana tulipoyasoma pamoja, Enesi akasema, "Mzungu akipewa mengi atachagua lililo rahisi. Atatupa mguu wa kiti." Kwa hiyo tumeyafuta yote. Tumebakiza moja.

Mgeni rasmi, tunaomba uinue mti.

Tunajua wa ng'ambo hawajainua wa kwao. Mwenzako wa kule, tumesikia, naye yuko barabarani leo. Yule mwenye kofia nyeupe kando ya kikapu, tunadhani ndiye. Ndugu zetu kule wana risala yao, na wanaisoma sasa hivi. Hatukupatana nao kitu. Tulikutana tu palizi.

Usiogope uzito. Damiano ameupaka mafuta asubuhi, na jiwe amelipima upya. Mtu mmoja anaweza kuuinua kwa mkono mmoja, hata kama ule mwingine umeshika risala. Boazi ameahidi kutazama upande mwingine, wa Kamsamba.

Ukiuinua, usimshangae Roda. Hatakimbia. Desturi haimruhusu kumfuata mtoto. Bibi ndiye atakayemleta kwa mkono wake. Roda atabaki pale pale mstari wa pili, amekaa, mikono juu ya magoti. Tunakuomba tu usikawie, maana tangu asubuhi hajaweka kitu tumboni, na tumemshika nguo kwa nyuma.

Kabla hujaamua, mtazame mtoto mwenyewe. Tulimtumia bibi neno kwamba mgeni rasmi akiinua macho, Lusungu apunge. Huyo anapunga. Ni mkono wa kushoto, Bwana Mganga. Alama yako ile.

TAMATI

Mungu akurudishe kwako salama kwa barabara iliyo wazi. Uwakute wanao wamekua, lakini wakujue kwa jina lako. Akulinde na ndui na homa, na kiti ulichokalia. Na kuanzia leo, kabla jua halijafika kichwani, amjalie mwenzetu huyu kuwa Mama wa Hapa.

Tumemaliza. Tunanyamaza sasa, tunautazama mti.

Imesomwa na Fides kwa niaba yetu,
Akina Mama wa Darasa la Jioni,
Tunduma.