Mzee Losike na Ukoo wa Mguu

Ejok, wasikilizaji wapendwa! Leo tunamkumbuka Mzee Losike wa Kakuma, aliyefariki Jumapili, usingizini, baada ya kula nyama akashiba. Mzee Losike, mfugaji wa mbuzi. Mtu wa maneno mengi, jamani!

Mwaka 1974, miaka mitano iliyopita, alimleta bintiye Awoi hospitalini Lodwar, juu ya lori la mahindi. Awoi alikuwa na mimba ya kwanza, na mzee alikuwa na hofu tele moyoni. Mkewe Asekon alikufa siku chache baada ya kumzaa Awoi huyo huyo.

Daktari Mutua akauliza, "Mzee, kwenu kuna ugonjwa wa ukoo?"

Ukoo! Kwa Losike, ukoo ni mbuzi. "Iko. Ile nyeupe inachechemea. Mama yake ilichechemea. Nyanya yake pia." Mbuzi baada ya mbuzi, wauguzi hoi kwa kicheko. Kisha, kwa sauti ileile: "Na huyu Awoi ni ya mama ya mguu. Asekon alizaa, mguu ikavimba, pumzi ikakatika. Dada yake Atabo alizaa. Mguu. Pumzi."

Kicheko kikaisha. Mutua akavuta kiti. Akaeleza kwamba damu ina kitu cha kuigandisha, na kitu cha kuizuia isigande ovyo. Kuna koo zinazorithi upungufu wa hicho cha kuzuia. Mama akijifungua, hatari huzidi: damu huganda mguuni, bonge likapanda mpaka mapafuni.

Awoi alijifungua salama. Akachomwa sindano za kuzuia damu isigande, akaambiwa atembee. Yeye alitaka kulala. Thubutu! Losike alitangulia uani, kigoda mkononi. "Twende! Hata mbuzi ikizaa inasimama!"

"Nilimchukia siku hiyo," Awoi anasema akicheka. "Lakini niko hapa, na mtoto ni huyu."

Wazee wenzake walimtania kwa sababu alikariri ukoo wa wanawake, si wa wanaume. Akawajibu, "Chekeni. Yangu iko hai."

Pole sana Awoi, pole jamaa wote. Nawe msikilizaji, waulize wakubwa wako habari za wale waliotangulia, kabla hawajaondoka nazo.

Jana nilimuuliza mjukuu wa mzee, binti huyo wa Awoi, sasa wa miaka mitano, jina lake. Akasimama wima kama alivyofunzwa na babu:

"Mimi Akal, ya Awoi, ya Asekon ya mguu. Ambia daktari."