Mama kwenye Televisheni

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya banda langu la kushona viatu. Muuza kahawa akifika hapo hutua birika, akasahau kwamba ana wateja kwingine. Jana jioni nilikuwa na Injinia, anayetengeneza redio, na Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga ila kwa ubishi hana mpinzani. Akaja Mhasibu. Ndivyo tunavyomwita kijana wa nyumba ya pili, tangu amalize chuo akakaa bila kazi. Alikaa pembeni, akasema kazi ameipata. Alisema kama mtu anayeleta habari za msiba.

— Kazi umepata, mbona sura hiyo? — Injinia akamuuliza. — Ile laptopu ilikusumbua kwenye usaili wa mtandaoni?

— Haikusumbua. Ilifanya kazi vizuri mno.

Kioo cha laptopu hiyo kilipasuka, kikabaki cheusi chenye mistari. Injinia akavuta waya hadi kwenye televisheni ya sebuleni kwao, ikawa kompyuta ya mezani. Kamera ilikuwa bado nzima.

— Wale mabosi walijaa televisheni nzima — Mhasibu akasema. — Mimi nimo pembeni, na tai yangu. Mara namwona mama nyuma yangu. Katoka kufua, gauni limelowa, ndoo mkononi. Kujiona kwenye televisheni, akasimama, akawasalimia.

— Ubaya uko wapi? — Wakili akauliza.

— Mmoja wao akasema, huyo ni mama? Nikajibu, hapana, ni dada wa kazi.

Hakuna aliyenyanyua kikombe.

— Hilo ni kosa la kiufundi — Injinia akasema. — Kioo cha laptopu kingekuwa kizima, mama asingejiona. Asingejiona, asingesalimia.

— Kisheria hana kosa kabisa — Wakili akadakia. — Sebule ilishageuka ofisi. Anayeingia ofisini na ndoo ni nani?

— Halafu picha zile huchelewa kidogo. Yule aliyeonekana si mama, ni picha ya mama alivyokuwa muda mfupi nyuma.

— Umesikia? Hukumkana mama. Umeikana picha, na picha haijawahi kuzaa mtu.

Siku nyingine ningecheka. Kijana alikuwa anatazama chini.

— Mama alikusikia? — nikamuuliza.

— Alisikia. Akasema, "Samahani bosi, nilikuwa napita tu." Akatoka kinyumenyume, asiniharibie picha. Jioni akanipakulia chakula kama kawaida, akaniuliza kama wale watu wameridhika na mimi.

Wakili akakohoa.

Mwisho wa benchi alikaa mwanamke mmoja, mgeni kwetu, mguu mmoja peku, akisubiri kiatu chake nilichokuwa nakishona.

— Samahani, mwanangu — akasema. — Mama anajua kwamba kazi umeipata?

Mhasibu akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Wakili. Wakili akaangalia birika.

— Walinipigia asubuhi — kijana akasema mwishowe. — Mama alikuwa uani, anaanika nguo. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nimezunguka mpaka sasa. Nikimwambia atafurahi. Akifurahi, nitaweka wapi uso wangu?

Mwanamke aliniashiria niendelee na kiatu. Kijana akainuka, akajipangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi, akaondoka. Wakili akanyanyuka amsindikize.

— Kaa — mwanamke akamwambia, naye akakaa.

Kutoka benchini mlango wa kwao unaonekana. Haufungwi mchana kutwa, na jana pia ulikuwa wazi. Kijana alisimama nje, akabisha hodi. Mama yake akatoka akifuta mikono, akashangaa, na mtoto wake akapiga magoti palepale kizingitini.

Sote tukageuza nyuso, hata Wakili.