Ushindi wa Mabinti wa Mforoni na Sufuria Zinazolalamikiwa

Mgeni rasmi, Mama Mektrida, Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Kriketi ya Wasichana. Mwalimu wa timu yetu, Elisifa. Wazee wetu, shikamooni. Na majirani wote mlioacha kazi zenu, pamoja na nyinyi ambao hamkuwa na kazi:

Sisi washangiliaji na akina mama wa jiko wa Mforoni tunawasalimu kwa heshima, na kwa wasiwasi kidogo.

UKARIBISHO

Karibu sana, Mgeni rasmi. Tunajua umepanda huku kuamua kama ushindi wetu dhidi ya timu ya Tai, ya mjini, ubaki au ufutwe. Ndiyo maana hujapewa hata chai. Haijawahi kutokea hapa kwetu mgeni akakaa mikono mitupu, na Mama Tabitha, mpishi wetu mkuu, tangu asubuhi anakwepa kukutazama usoni. Lakini tumeshtakiwa kwa kulisha watu, kwa hiyo tumekuwekea maji ya chupa, na kifuniko hatujakigusa.

HISTORIA YA TIMU

Kriketi ililetwa hapa na Mwalimu Elisifa alipotoka chuoni. Kusema kweli hatukuielewa. Tuliona ni mchezo wa watu kusimama juani wakingoja. Mzee Filemon alipomwona binti yake Goodness amesimama pembeni mwa uwanja hafanyi kitu, alimwita kwa sauti, "Njoo ukakate majani ya ng'ombe, naona umepumzika vya kutosha!" Goodness akaenda, timu ikabaki pungufu, tukafungwa. Tuliendelea kufungwa kila tulipocheza, na mara nyingine tulishangilia upande usio wetu kwa kutojua.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu yote yalitokea siku moja. Asubuhi Tai walipiga wa kwanza, wakakusanya mikimbio, yaani pointi za mchezo huu, mpaka mwandika matokeo akaomba chaki nyingine. Ikafika saa ya chakula. Baada ya chakula mabinti zetu wakashika ubao wa kupigia, nasi tukajiandaa kuwafariji.

Badala yake mpira ukawa unapita katikati ya miguu ya Tai, nao wanautazama kama wanausindikiza. Ukabaki mpira wa mwisho, tukiwa bado nyuma kidogo, na zamu ni ya Goodness. Akaupiga. Ukapita hewani juu ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia ambao ndio mpaka wa uwanja, ukatua kwenye migomba. Refa akainua mikono yote miwili. Mzee Filemon alidhani refa anasali, naye akainua ya kwake akasema, "Amina!" Mwalimu Elisifa alipotueleza kwamba mikono ile maana yake ni mikimbio sita, yaani tumeshinda, tulilia. Hatuoni haya kulisema, tulilia wazee kwa vijana.

CHANGAMOTO

Tai wamelalamika kwamba tuliwashibisha makusudi ili washindwe kukimbia. Mgeni rasmi, ni kweli walikula. Walikula mtori, supu yetu nzito ya ndizi, wakala machalari ya ndizi na nyama, wakashushia maziwa mgando. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hatukuwapa. Na hakuna aliyelazimishwa. Kocha wao, Denis, alirudi jikoni mwenyewe na sahani yake.

"Mama, hizi ndizi ni balaa. Niongezee kidogo tu."

"Kula, mwanangu, huku juu kuna baridi," Mama Tabitha akamjibu.

Akaongezewa, na nyingine akafungiwa kwenye jani ampelekee mkewe. Huku kwetu mgeni hula kwanza, na hula mpaka akatae mwenyewe. Tai hawakukataa.

Kuna jambo ambalo hata sisi tumelijua wiki hii tu, Mama Tabitha alipowauliza mabinti kama na wao walivimbiwa siku ile. Goodness akasema, "Sisi hatukula, mama. Tulipofika jikoni sufuria zilikuwa zimeshaoshwa. Tukaona tukisema mtaaibika mbele ya wageni." Limetuuma sana. Watoto walicheza na njaa, wakanyamaza kwa ajili ya heshima yetu.

MAOMBI

Tunaomba ushindi ubaki. Mshindi anakwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa, na wengi wa mabinti hawa hawajawahi kuvuka mji wa Bomang'ombe, hapo chini. Mabegi ya kuazima yameshapatikana. Goodness amelipanga lake, akalipangua, akalipanga tena, na hakuna kati yetu anayetaka kuwa mtu wa kumwambia alirudishe. Tulitaka kuomba na viatu, lakini tumeona tusikuchoshe, ingawa sasa tumeshataja.

Hata hivyo, ukiona haki ni mechi irudiwe, tutarudia. Tai tutawapikia kama kawaida, maana hatujui kumpokea mgeni kwa namna nyingine. Ila safari hiyo tutaongeza sufuria, na mabinti zetu nao watakula kabla ya kuingia uwanjani. Waliwashinda Tai wakiwa na njaa, Mgeni rasmi. Wakishiba, malalamiko yatakayofuata sisi hatutayajibu.

Mungu akupe utulivu wa kuamua, akushushe mjini salama, na aibariki mikono ya mabinti zetu na ya wote waliokuja kucheza nao.

Imesomwa na Aikande, katibu, kwa niaba ya
Washangiliaji na Akina Mama wa Jiko,
Timu ya Kriketi ya Wasichana, Mforoni.