Evaristo Mansilla Aachia Kamba

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufunga na kufungua kamba za meli katika bandari ya Ushuaia, kusini kabisa mwa Ajentina, Evaristo Mansilla alistaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Siku chache baadaye aliondoka kwenda Antaktika. Hakuwa amewahi kusafiri kwa meli hata moja kati ya zile alizoziaga.

Alianza kazi wakati meli za watalii wa barafuni zilipokuwa chache na glavu kila mtu alijinunulia. Karibu sote gatini tumefundishwa naye, na katika zamu zake hakuna aliyepoteza kidole. Kwa upepo wetu wa magharibi, unaokaza kamba ghafla, hilo si jambo dogo. Aliwahi pia kumdaka kola mtalii aliyekuwa akirudi kinyumenyume kupiga picha, akiwa amebakiza hatua moja aingie majini. Mtalii alimkaripia kwa kumchafulia koti.

Safari hii alipanga kwenda na mkewe, Delfina. Waliiahirisha kila mwaka: mara paa, mara goti la Delfina. Mwaka huu walikata tiketi. Delfina akafariki mwezi Juni. Tulipompongeza Evaristo kantini, alijibu, "Nikirudi nitamsimulia nani? Jiko?" Tulicheka, kisha mmoja wetu akamjazia kikombe.

Siku ya safari alipanda mapema. Jamaa wa abiria hawaruhusiwi gatini, hivyo waliomsindikiza ni sisi tuliokuwa zamu. Honi ilipolia, Evaristo alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya nyuma, akaanza kulegeza kamba.

"We mzee!" alipaza sauti Yamila Barría, mkuu mpya wa zamu. "Unaifungua meli yako mwenyewe?"

"Miguu imenileta," alisema Evaristo. Lakini kamba hakuiachia. "Waache waende, Yamila. Kile kitanda cha pili chumbani nitakaa nakitazama safari nzima?"

"Kitupie koti na mabuti. Lete kamba."

"Upepo unageuka. Utahitaji mtu."

"Mtu si mimi? Ulinifundisha, au ulikuwa unanipotezea muda? Lete, mzee, wanapandisha ngazi!"

Alimpa, akapanda.

Abiria wengine walikuwa upande wa pili wakipiga picha milima. Upande wa gati alisimama peke yake. Yamila aliachia kamba ya mwisho, nasi tukapunga mikono, jambo ambalo hatulifanyi kazini, mpaka meli ya mizigo ilipopiga honi ikidai nafasi.

Evaristo, bandari inakushukuru kwa kazi safi na kwa vidole vyetu vyote. Tunakuombea bahari tulivu, afya njema na ustaafu usio na haraka.

Meli yako inarudi Ijumaa asubuhi. Kuipokea kunahitaji watu wanne. Tulioomba zamu hiyo ni kumi na mmoja.