Bi Mwatima na Watu wa Safu ya Nyuma

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Mwatima Othman anastaafu baada ya miaka kumi na minne ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia katika studio yetu hapa Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China. Yuko meza kuu ya hafla hii ya kumuaga, lakini hatazungumza. Wiki iliyopita alifanyiwa upasuaji wa koo, daktari amempiga marufuku kutamka hata neno, na hakuna ajuaye bado kama sauti ile itarudi.

Alikuja Guangzhou akiwa mwigizaji wa jukwaani kutoka Unguja. Siku ya kwanza alisimama mbele ya maikrofoni akatoa sauti ya kumfikia mtu wa safu ya nyuma kabisa, nami nikavua vifaa vya masikioni nikidhani nimeshakuwa kiziwi. Tulimweleza mwezi mzima kwamba kwenye chumba cha kurekodia hakuna safu ya nyuma. Hakukubali. Alipunguza sauti tu, akaendelea kuwaigizia watu wale wale.

Tangu hapo amekuwa malkia, mama wakwe wakorofi wasiohesabika, na mbwa mmoja. Adui yake alikuwa ofisi ya mizigo iliyo chini yetu, ambako maboksi hufungwa kwa tepu kutwa, na mlio wake hupenya sakafu. Alishuka mwenyewe kumkabili mwenye ofisi, ambaye sote tunamwita Laoban, yaani bosi kwa Kichina: "Laoban, dakika tano tu za kimya, baba!" Laoban hajui Kiswahili, lakini alinyamaza.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa sauti ya Ilka, mhusika mkuu wa tamthilia moja, mwigizaji wa jukwaani wa Ulaya aliyehamia Hollywood, akapata jina kubwa lakini akautamani ukumbi wake wa zamani maisha yote. Vipindi thelathini. Kufikia cha ishirini na nane Bi Mwatima alikuwa anakwaruza, daktari akataka aache papo hapo, na Dalila, mwigizaji mwenzake hapa studio, akaandaliwa kushika nafasi yake. Bi Mwatima aliomba onyesho moja tu, la mwisho, ambapo Ilka mzee anarudi kwenye ukumbi ule na kuviigizia viti vitupu. Daktari aliruhusu aliigize mara moja tu, isizidi.

Aliigiza. Dalila alilia. Mimi nilisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Sijawahi kumwambia mtu. Siku ile nilisema mlio wa tepu umeingia. Bi Mwatima akashuka na sauti kidogo aliyobaki nayo, akamgombeza Laoban, na maskini akaapa, "Meiyou, meiyou!" kwamba hakuna aliyegusa tepu. Alikuwa anasema kweli. Kisha Bi Mwatima akapanda tena ngazi, akarudia onyesho lote huku sauti ikimkatika. Ndilo lililorushwa, ndilo watu wanalolisifu. Jioni ile alishindwa hata kuniaga.

Bi Mwatima, studio nzima inakushukuru. Mimi nakuomba radhi, na Laoban pia namwomba. Nimemwalika, yuko meza ya tatu. Tunakutakia mapumziko mema na maisha ya raha Unguja. Leo huwezi kunigombeza, nami sitaki kuponea hapo. Sauti ikirudi, usinipigie simu kuniambia umepona. Nigombeze tu, mpaka mtu wa safu ya nyuma asikie.

Karanja, fundi wa sauti