Dkt. Ehinomen Isibor na Mstari Usioshuka

Marehemu Dkt. Ehinomen Isibor alizaliwa Ubiaja tarehe 14 Agosti 1971, mtoto wa tatu wa baba yetu, fundi cherehani Mzee Ebhodaghe. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Uromi, kisha chuo kikuu mjini Benin. Mwaka 1989 homa ya Lassa ilimchukua dada yetu mkubwa kwa siku tisa tu. Ehinomen ndiye aliyekuwa akimnywesha uji. Uchungu huo ndio uliompeleka maabara.

Alifunga ndoa na Bw. Isibor tarehe 5 Juni 1999. Jamani, kula chakula cha mkono wake kulitaka subira!

"Chumvi unaionja mara ya ngapi hiyo? Watoto wamekonda!" shemeji alikuwa akilalamika.

"Ya tatu, Baba Ose. Kaa chini."

Kazini alipima jinsi kingamwili za waliopona zinavyokamata virusi. Alibandika vipande vya virusi kwenye kijikioo, akapitisha kingamwili juu yake, na mashine ikachora mstari. Zikikamata, mstari hupanda; zikiachia, hushuka. Mwaka 2019 kingamwili kutoka damu ya Mama Izegbuwa, muuza unga wa muhogo aliyepona homa hiyo, ilipandisha mstari, nao haukushuka. Maabara nzima vigelegele: dawa imepatikana! Ehinomen peke yake hakucheka. Alirudia, akagundua kosa ni lake: alikuwa amebandika vipande vikiwa vimebanana mno, hivyo kingamwili, yenye mikono miwili, ilipoachia kwa mmoja ilining'inia kwa wa pili. Alifuta matokeo mbele ya wakubwa wake, kisha akaenda mwenyewe sokoni.

"Kumbe damu yangu imewadanganya?" aliuliza Mama Izegbuwa.

"Hapana, Mama. Ni mimi."

"Basi unalia nini? Mkono huu hapa, chukua nyingine!"

Saratani ya matiti iligundulika Novemba 2022. Alifanya kazi hadi miguu ilipokataa. Tarehe 2 Machi mwaka huu mwenzake, Bw. Odion, alimfuata wodini na matokeo ya kingamwili mpya ya mama yule yule.

"Umebandika kwa nafasi?"

"Kwa nafasi, Dada. Saa nzima mstari haujashuka."

"Rudia."

Alifariki alfajiri ya tarehe 4. Ameacha mume, wana wawili, Ose na Ebehi, sisi wadogo zake watatu, na Mama Izegbuwa, aliyeomba aandikwe humu kama ndugu.

Bw. Odion alirudia jana, mara tatu. Haukushuka, Dada. Sasa lala, Mungu akupumzishe.