Sikio Moja Nimeliachia Njia

Bwana asifiwe! Nasema tena, asifiwe, na nyinyi wa nyuma kule itikeni kwa nguvu, maana leo masikio yangu yote mawili yako wazi, nawasikia. Mi ni Mama Ngoie wa Musonoi, yule muuza vitenge, wa sauti ya kwanza katika koral yetu, kwaya hii ya kanisa. Wengi mnanijua kwa mdomo wangu. Leo nimesimama hapa kwa ajili ya masikio.

Ndugu zangu, mwaka jana nilikuwa mgonjwa. Damu ilikuwa inapanda. Ngazi tatu tu za hapa mlangoni, nikizipanda napumua kama nimebeba gunia la unga. Muuguzi wa dispensari alinipima mara mbili, akadhani chombo chake kimeharibika, akajipima mwenyewe, kumbe chombo ni kizima. Akaniambia dawa nitakunywa, lakini na miguu ifanye kazi, nitembee, nikimbie kidogo kila siku. Mi kukimbia? Mama wa watoto wanne, na mwili huu mnaouona? Nilirudi nyumbani nikilia. Nikamwambia Mungu, kama unataka nikimbie, nipe na moyo wa kukimbia, maana huu nilio nao hautaki kabisa.

Nikaanza. Asubuhi ya kwanza cité nzima, mtaa wote, ilitoka kuniangalia. Wenye taksi-moto pale kituoni walipiga kelele: «Mama, mwizi ameshafika Lubudi kule mbali, umuache tu!» Aibu iliyonishika siku ile! Binti yangu Clarisse alinionea huruma, akanipa simu yake ya zamani na écouteurs, vile vidude vya kuingiza masikioni, akajaza nyimbo zetu za koral. Nikaziba masikio yote mawili, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Haleluya! Kicheko chote kikaisha. Niliona midomo inachezacheza tu. Miguu ikawa miepesi, nikasahau kwamba nakimbia, na baada ya miezi michache damu ikaanza kushuka. Nilimshukuru Mungu kwa nyimbo zile, na hata leo namshukuru.

Lakini nilipoziba kicheko, niliziba na mengine.

Mnajua desturi yetu. Mtu hapiti mbele ya mwenzake bila kumwambia jambo. Sasa, jirani yangu Mama Zaina, ambaye familia yake ilitoka Maniema, Mwislamu wa sala tano, ana shamba lake la mihogo kando ya kijia ninachokimbilia. Kila asubuhi alikuwa anaacha jembe, ananyoosha mgongo, ananisalimia. Mi napita. Sikumsikia, wala sikumwangalia, macho yako chini nachunga mashimo ya njia. Alivumilia, alivumilia, mwisho akaacha kunisalimia hata kwenye bomba la maji. Na mi, na kichwa changu kigumu hiki, nikasema kumbe ananionea wivu kwa sababu napungua mwili! Nikanuna. Miezi miwili tulichota maji kwenye bomba moja kama watu wasiojuana. Nyimbo za sifa masikioni, na moyoni nimenuna. Bwana anisamehe.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu, hapa ndipo penyewe.

Watu wa Musonoi, mnajua sirene ya shimo, king'ora cha mgodi. Kabla ya kulipua miamba mchana, wanaipiga, ndefu, mpaka mbwa wanalia nayo. Mama anafungua madirisha ili vioo visipasuke, anaita watoto ndani. Wenye mashamba karibu na shimo wanaacha kila kitu wanaondoka. Mlinzi anafunga barabara na bendera nyekundu. Hakuna anayefundishwa, hata mtoto anayejifunza kutembea anajua. Mi nimezaliwa Musonoi, ningekosaje kujua? Ila nilizoea kukimbia asubuhi, saa ambayo hawalipui. Siku ile mvua ilinyesha asubuhi yote. Nikasema siku haitapotea bure, nitakimbia saa tisa mchana. Saa yenyewe ya sirene haikunijia hata kidogo kichwani! Nikapita kijia changu cha nyuma ya mashamba, wala si barabara, kwa hiyo mlinzi hakuniona. Koral inaimba masikioni, na mi naitikia kwa sauti yote, mikono juu, naelekea shimoni.

Mara mtu akanivuta kitenge kwa nyuma. Nikaanguka magoti kwenye matope. Niligeuka na ngumi, ndiyo, nilikunja ngumi, Mungu aliniona. Alikuwa Mama Zaina. Miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimeanguka, mdomo unafunguka na kufungika, na mi sisikii neno. Nikafikiri amekuja tumalize ugomvi wetu. Akanyoosha mkono, akachomoa vile vidude.

Ndugu zangu! Sirene ikaniingia yote kwa mara moja. Kumbe ilikuwa inalia tangu zamani.

«Banapiga mine, banalipua mawe, mama! Mi nakuita tangu kule, weye unaimba tu! Kuya!»

Tulikimbia. Mi niliyejidai mkimbiaji nikaburutwa na mwanamke anayenizidi miaka, tena hana viatu. Tulijitupa nyuma ya kichuguu kikubwa, ardhi ikatikisika chini ya tumbo langu, halafu mawe yakaanza kuanguka kwenye mihogo. Nilimshika Mama Zaina mkono, naye akanishika. Aliomba kwa maneno yake, na mi kwa yangu.

Kulipotulia tulitoka. Mbele kidogo, katikati ya kijia, lilikuwepo jiwe kubwa kama sufuria ya kusongea bukari ya watu kumi. Hatua chache tu ningekuwa pale. Nikakaa chini.

Nikamuuliza: «Mama Zaina, weye haunisalimie tena. Juu ya nini umekuya kunikamata?»

«Mi?» Alishangaa kweli. «Weye njo hausalimiaka batu! Mi nasema jambo, jambo, weye unapita na kiburi yako.»

Nikamwekea kidude kimoja sikioni. Aliruka! «Aa! Hii makelele yote iko mu kichwa yako kila siku?» Tukacheka, tukiwa na matope mpaka kwenye nyusi, halafu tukalia.

Baadaye ndipo nilijua kitu kimoja ambacho kikinijia usingizi unakimbia. Mama Zaina alikuwa ameshatoka shambani. Aliisikia sirene kama kila mtu, akaondoka, akafika salama. Aliponiona napita kule mbali, aligeuka akarudi ndani ya hatari, kwa ajili ya mtu ambaye yeye aliamini kwamba anamdharau. Mnauliza malaika wa Bwana wanafananaje? Mi nimemwona mmoja, ana jembe na miguu mitupu.

Namshukuru Mungu. Niliomba anipe moyo wa kukimbia, akanipa. Halafu akanionyesha kwamba moyo peke yake hautoshi, masikio pia ni zawadi yake. Bado nakimbia, na bado naimba, sijaacha! Lakini naweka kidude kimoja tu, sikio la kulia, na sauti chini, mpaka nasikia hatua zangu mwenyewe. La kushoto nimeliachia njia. Nikifika barabara ya malori, au upande wa shimo, natoa na hicho kimoja, naimba kwa mdomo. Na wenye taksi-moto wakicheka, nacheka nao. Kicheko cha watu hakijawahi kumuua mtu, mi nilikaribia kufa nikikikimbia.

Wewe uliyeziba masikio kwa sababu ya maneno ya watu, fungua. Mtumaini Bwana. Labda sasa hivi ameshamtuma mtu akuite, na mtu huyo ndiye yule ambaye hamsalimiani.

Mama Zaina yuko hapa leo. Ameketi pale karibu na mlango, amekubali kuja kunisikiliza, maana amesema muda mrefu alinisalimia bure, leo anataka kuitikiwa. Mama, simama watu wakuone. Mbele ya kanisa lote naanza mi, na deni langu ni la asubuhi nyingi: jambo, Mama Zaina. Jambo. Jambo. Jambo sana.